Kuchagua tableti Uganda: mwongozo kamili kwa mtumiaji wa kawaida

Ukiingia madukani William Street au pale Mutaasa Kafeero, katikati ya Kampala, ukasema unatafuta tableti, swali la kwanza litakuwa: "Bosi, una ngapi?" Ukishataja kiasi, mchezo umekwisha. Kila kitakachotolewa kabatini baada ya hapo kitapimwa kwa pesa zako, na hakuna atakayeuliza unataka kufanyia nini. Kwenye boksi utaonyeshwa namba nene: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 12, hifadhi 512, kamera mbili, kibodi ya bure, kipanya cha bure, bei laki nne. Pembeni yake iko Samsung yenye RAM 4 na hifadhi 64 kwa bei ya juu zaidi, na muuzaji atakushangaa ukiigusa.

Mimi ningeigusa. Mwongozo huu unageuza mpangilio wa duka: kazi kwanza, kisha mtandao, kisha mfumo, na pesa ije mwisho.

Hatua ya kwanza: taja programu moja usiyoweza kuikosa

Usiandike orodha ndefu. Taja programu moja tu ambayo tableti isipoiendesha utakuwa umenunua kioo cha kuangalia sinema. Swali hili peke yake hufuta nusu ya chaguo zako.

Chukua mtu anayefanya kazi na mashirika ya misaada Arua au kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kazi yake ni kujaza fomu kwenye KoboCollect au ODK Collect. Programu hizo zimetengenezwa kwa Android pekee. Kwenye iPad atalazimika kufungulia fomu kwenye kivinjari, na hiyo si njia ya kuitegemea siku nzima mashambani. Kwa hiyo mtu huyu anaweza kupewa iPad ya bure na bado ikawa tableti isiyomfaa.

Mwenye duka Busia ana shida nyingine: WhatsApp na pesa za simu. WhatsApp ya iPad ilitoka Mei 2025, na inafanya kazi kwa kuunganishwa na akaunti iliyoko kwenye simu. Tableti ya Android unaweza kuiunganisha na simu vilevile, au kuisajilia namba yake yenyewe. Menyu za pesa ni kisa kingine. Ili kupiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel unahitaji kifaa chenye kipiga simu, na iPad haina, hata ile yenye nafasi ya laini. Tableti za Android zenye laini, nyingine zinapiga, nyingine zinakubali data tu. Dawa ni kuweka laini yako palepale dukani na kupiga kabla ya kulipa.

Mwanafunzi wa S.4 au S.6 (kidato cha nne au cha sita) anataka kusoma mitihani ya zamani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, na vitabu vya PDF. Kwake programu si tatizo, karibu kila tableti inafungua PDF. Tatizo lake ni ukubwa wa kioo, tutalifikia. (Mzazi, uliza shule kwanza. Shule nyingi za bweni hazitaki kuona kifaa hicho getini, na hapo utakuwa umenunua tableti ya likizo.)

Hatua ya pili: laini yake yenyewe, au Wi-Fi tu?

Toleo lenye laini huwa ghali kuliko lile la Wi-Fi, na watu wengi hulilipia halafu wanaacha tundu la laini wazi mwaka mzima. Jiulize tableti itakaa wapi. Ikiwa ni ya sebuleni au ofisini, chukua ya Wi-Fi na uiwashie mtandao kutoka kwenye simu yako. Data yetu ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 ipo palepale. Kununua bando mbili, moja ya simu na moja ya tableti, halafu zote mbili zikaisha muda kabla hujazimaliza, ni kujiumiza bure.

Ubaya wa kugawa mtandao ni kwamba simu inaishiwa chaji haraka. Anayetembea vijijini kutwa anunue yenye laini, na aisajili kwa kitambulisho chake cha taifa kama laini nyingine yoyote. Asikubali laini "iliyosajiliwa tayari" anayopewa na muuzaji kama zawadi.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: iPad ya Wi-Fi haina GPS, kipokezi cha satelaiti kinachojua mahali ulipo. Ramani itafunguka, lakini ukiwa mbali na Wi-Fi inayojulikana haitajua uko wapi. Kama unapima mipaka ya mashamba au unachukua alama za visima, hilo linamaliza mjadala. Tableti za Samsung za Wi-Fi, kama Galaxy Tab A9, zina GPS.

Kwa Samsung, usitegemee maneno ya boksi lililofunguliwa. Soma namba ya modeli. SM-X110 ni Tab A9 ya Wi-Fi, SM-X115 ni Tab A9 yenye laini. SM-X210 ni Tab A9+ ya Wi-Fi, SM-X216 ni ile ya 5G. Ukiona sifuri mwishoni, hakuna laini, hata muuzaji aape.

Hatua ya tatu: ukubwa, kwa rula na si kwa inchi

Inchi zinazotajwa ni za kona hadi kona, na zinadanganya pale maumbo yanapotofautiana. iPad ya inchi 10.2 ina kioo kipana cha nne kwa tatu. Galaxy Tab A9+ ya inchi 11 ina kioo kirefu chembamba cha kumi na sita kwa kumi. Ukizisimamisha na kufungua ukurasa mzima wa A4, zote mbili zinauonyesha kwa karibu asilimia 70 ya ukubwa wa karatasi halisi. Kwa msomaji wa PDF, basi, ile inchi ya ziada ya Samsung ni hewa tu. Lakini fungua filamu au mechi: kwenye iPad picha itakuwa na upana wa sentimita 21 hivi, kwenye Samsung karibu 24, na iPad itakuachia mistari mipana myeusi juu na chini.

Zile za inchi 8 na kitu, kama Tab A9 ya kawaida, huonyesha ukurasa wa A4 kwa zaidi kidogo ya nusu ya ukubwa wake. Mtihani wa hesabu wenye vipeo na sehemu utasomeka kwa kuvuta na kusogeza, kuvuta na kusogeza, mpaka mtoto achoke. Ukubwa huo ni mzuri kwa riwaya, kwa WhatsApp, kwa kushika kwa mkono mmoja ndani ya teksi ya Nansana. Kwa masomo, kaa kwenye inchi 10 kwenda juu.

Hatua ya nne: mfumo, na miaka iliyobaki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kampala imejaa iPad za mtumba kutoka Ulaya na Marekani, na nyingine ni nzuri kweli. Shida ni kwamba zote zinafanana sura. Ile ya 2017 na ile ya 2021, ukizilaza kifudifudi, utadhani ni pacha. Kinachozitofautisha ni masasisho. iPad ya kizazi cha tano iliishia iPadOS 16. Ya sita iliishia 17. Ya saba, iliyotoka 2019, iliishia 18. Ya nane na ya tisa zilipokea iPadOS 26 mwaka 2025. Mfumo ukigota, tableti haifi siku hiyo. Inaanza kukataliwa na programu mojamoja, na zile za benki kwa kawaida hazichelewi.

Kwa hiyo geuza iPad, tafuta maandishi madogo mgongoni, soma namba inayoanza na A. Kwa zile za Wi-Fi: A1822 ni kizazi cha tano, A1893 cha sita, A2197 cha saba, A2270 cha nane, A2602 cha tisa. Za A1822 na A1893 ziache hata kwa bei ya kutupa. A2197 inaweza kumfaa mtoto wa kuangalia katuni, kama bei ni ya chini sana. A2602 ndiyo mtumba ninaoupendekeza bila kusita.

Upande wa Android, jina kubwa si dhamana ya kila kitu, lakini linakupa mambo mawili: masasisho yanayokuja kweli, na vipuri vinavyopatikana. Samsung Tab A9 na A9+ zilitoka Oktoba 2023, na kwa mtu wa kawaida A9+ ni chaguo salama. Redmi Pad SE ya Xiaomi ina kioo cha inchi 11 na betri ya mAh 8,000, kubwa kuliko 7,040 ya A9+, na ukiipata kwa bei nafuu zaidi ni mpinzani wa kweli. Tecno na itel wana tableti pia. Nguvu yao hapa kwetu ni Carlcare, kituo chao cha matengenezo, kwa hiyo kioo kikipasuka una mlango wa kubisha. Nisingenunua itel kwa kazi nzito, ila kwa mama mkwe anayetaka kupiga simu za video na kusikiliza kwaya, kwa nini asinunuliwe?

Ukitaka kuandika kwa mkono, tafuta Samsung Tab S6 Lite. Kalamu yake iko ndani ya boksi na haihitaji chaji. iPad inataka kalamu inayouzwa peke yake, na kwa iPad ya kizazi cha tisa ni Apple Pencil ya kwanza, ile inayochomekwa kwenye tundu la tableti kuchajiwa ikiwa imechomoza nje, tayari kuvunjwa na mtoto anayepita.

Ziko mbili za kuangalia kwa jicho la tatu. Amazon Fire huletwa na ndugu kutoka Marekani kama zawadi, ni nafuu kule, lakini haiji na Play Store, duka la programu la Google. Mafundi wanaweza kuiingiza kwa mlango wa nyuma, na utaishi na hitilafu. Huawei MatePad ina umbo zuri na kioo kizuri, ila tangu vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 vifaa vipya vya Huawei haviji na huduma za Google. Kama maisha yako yamefungwa kwenye Gmail, Drive na YouTube, pita.

Hatua ya tano: kuzisoma namba za boksi

"RAM 4+4" haimaanishi 8. Ile nne ya pili ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa, na ni ya polepole. Hesabu namba ya kwanza tu. Kwa Android ya leo, RAM ya kweli 4 ni chini kabisa, 6 au 8 ni raha.

Hifadhi ya 64 haikuachii 64, kwa sababu mfumo wenyewe hula sehemu nzuri. Kama tableti inakubali kadi ya kumbukumbu, 64 inatosha watu wengi, video na vitabu vinakaa kwenye kadi. iPad haina tundu la kadi, kwa hiyo ya 32 iache.

Sasa zile za laki nne zenye RAM 12 na hifadhi 512, za majina usiyowahi kuyasikia. Mfumo wake huwa umechezewa ili ukurasa wa mipangilio uonyeshe namba zilizoandikwa kwenye boksi. Usibishane na muuzaji. Unganisha Wi-Fi, pakua CPU-Z kutoka Play Store, tazama jina la prosesa na RAM inayosomwa. Kisha fungua ukurasa wa "kuhusu" ndani ya mipangilio ya Play Store uone kama kifaa kimethibitishwa. Kisipothibitishwa, au Play Store ikigoma kabisa, rudisha kabatini. Anayependa Netflix apakue pia DRM Info, inayoonyesha kiwango cha Widevine, yaani ulinzi wa video: ikisoma Widevine L3, picha haitafika ubora wa HD hata kioo kiwe kizuri kiasi gani. Inatakiwa L1.

Hatua ya sita: umeme

Chagua tundu la USB-C kama unaweza, kwa sababu chaja moja itatumika kwa simu na tableti, na hata jirani atakuwa nayo. iPad ya kizazi cha tisa bado ina Lightning, tundu la Apple. Powa benki ya mAh 10,000, ukitoa nishati inayopotea njiani, itaijaza tableti ya mAh 7,000 karibu mara moja tu, kwa hiyo anayekaa siku tatu bila umeme anahitaji ya 20,000 au paneli ya sola. Chaja ya kutoka Marekani soma maandishi yake: ikiandikwa 100–240V iko salama kwa umeme wetu, inataka adapta ya pini tatu tu.

Hatua ya saba: vipimo vya dukani, hasa kwa mtumba

Nenda asubuhi, tableti ikiwa imejaa chaji, na uwe na muda. Muuzaji anayekuharakisha amekuambia jambo.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni hiki: mwombe muuzaji aifute tableti yote mbele yako, kisha uiwashe upya kwa Wi-Fi mpaka ifike ukurasa wa kwanza ukitumia akaunti yako mwenyewe. iPad iliyofungwa na iCloud (akaunti ya Apple) ya mtu mwingine itajitangaza hapo, itadai neno la siri ambalo hakuna fundi wa halali atakayelipata. Android itadai akaunti ya Google ya zamani. Na ikiwa ni mali ya taasisi, wakati wa kuwashwa itaandika kwamba inasimamiwa na shirika fulani. Zipo nyingi zinazozunguka nchini: sensa ya Mei 2024 ilifanywa kwa tableti, mashirika yanazo, shule zinazo. Tableti yenye stika iliyobanduliwa mgongoni na ikakataa kufutwa, usiulize bei. Ina mwenyewe.

Ikipita hapo, endelea. Shika alama ya programu yoyote kwa kidole, iburute polepole pembe zote za kioo. Ikidondoka mahali palepale kila mara, mguso umekufa sehemu hiyo. Fungua picha nyeupe tupu, ongeza mwanga mpaka mwisho, tafuta madoa ya njano na kivuli kwenye kingo. Chomeka chaja na uitikise kidogo. Rekodi sauti, piga picha mbele na nyuma, cheza wimbo uone kama spika zote zinalia. Itazame kwa ubavu: kioo kilichoinuka kidogo kama mkate uliochachuka kina betri iliyovimba chini yake, na hiyo usiibebe hata kwenye mkoba.

iPad za zamani hazionyeshi afya ya betri kwenye mipangilio. Andika asilimia, cheza video mwanga ukiwa juu kwa robo saa huku ukifanya vipimo vingine, halafu soma tena. Ikishuka asilimia mbili tatu, nne hivi, sawa. Ikishuka kumi, jumlisha gharama ya betri mpya kwenye bei au uondoke.

Mwisho, iliyo na laini ipigie *#06#, au fungua mipangilio, ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) ya kwenye kioo na ya kwenye boksi.

Hatua ya nane: sasa pesa

Tumia bei za nje kama kipimo cha ukweli. iPad yenye chipu ya A16 ilitoka Machi 2025 Marekani kwa dola 349, na Tab A9+ ilianza huko kwa dola zipatazo 220. Ukikadiria dola kwa shilingi 3,600, hizo ni kama milioni moja na robo, na laki nane kasoro kidogo, kabla ya usafiri na kodi. Bidhaa hushuka bei kadiri inavyozeeka, lakini anayekupa "iPad mpya, boksi halijafunguliwa" kwa laki tano hakupendi kiasi hicho.

Ukweli wa pili: ulizia bei ya kioo kabla ya kununua tableti. Tembelea fundi, si muuzaji, umtajie modeli mbili unazozishindanisha. Fundi akisema kioo cha moja kiko na cha nyingine ni cha kuagiza, umepata jibu ambalo hakuna tangazo litakupa. Hili linawahusu zaidi walioko Mbale, Gulu au Mbarara, maana kutuma kifaa Kampala ni gharama na wiki za kungoja.

Wakazi wa mpakani huvuka kununua, Busia upande wa Kenya au Mutukula upande wa Tanzania. Bei wakati mwingine ni nzuri. Usidanganywe kwamba utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki utakusamehe ushuru: ule ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, na tableti hizi zimetoka China au Vietnam. Pia uliza waranti inaheshimiwa upande gani wa mpaka. Ukinunua Jumia, duka la mtandaoni, soma masharti ya kurudisha kabla ya kubonyeza, na jina la muuzaji aliye nyuma ya tangazo.

Kwa mtu asiyetaka kusoma yote haya mara ya pili: wa masomo na kazi za kila siku achukue Tab A9+, au Redmi Pad SE ikiwa nafuu na fundi wake anaifahamu. Anayependa iPad na hana haja ya KoboCollect wala GPS achukue A2602 ya mtumba iliyopita kipimo cha kufutwa. Wa mashambani atafute Android yenye laini na kava nene. Mwenye laki tatu na nusu tu, ushauri wangu hautampendeza: asubiri aongeze, au anunue Samsung ya mtumba, kuliko ile mpya yenye RAM 12 ya uongo.

Hatua ya tisa: jioni ya kwanza

Kabla ya kuweka michezo, weka neno la siri, washa huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea, na uzuie programu kujisasisha kwa data ya laini, la sivyo bando la wiki litaliwa usiku mmoja. Ya mtoto ifungulie akaunti ya mtoto kupitia Family Link ya Google, au kwenye iPad tumia Muda wa Skrini. Risiti ipige picha pamoja na namba ya IMEI au namba ya mfululizo ya kiwandani (serial number), ujitumie kwenye barua pepe, kwa sababu polisi watazitaka siku tableti ikiibwa. Boksi usilitupe mpaka muda wa kurudisha mliokubaliana na muuzaji upite.